Awo Akuorkor wa Nshonaa, Aliyeiweka Ngoma Chini

Alizaliwa katika miezi ya Kimya, mwaka 1934, mjini Nshonaa katika pwani yetu sisi Waga, akiwa wa pili kati ya mapacha wawili wa kike. Wa kwanza aliitwa Akweley na yeye Akuorkor, kama ilivyo desturi ya mapacha wa kike kwetu. Kuhani wa mji, tunayemwita Wulomo, alikuwa ameshapanda mahindi yake matakatifu, na tangu siku hiyo hadi ngoma ya mfalme ilie, hakuna aliyeruhusiwa kupiga ngoma, kupuliza baragumu wala kulilia maiti kwa sauti, ili mbegu ziote kwa utulivu. Mama yao, Adaku, muuza samaki wa moshi, alijifungua akiwa ameng'ata kitambaa. Watoto hawakung'ata kitu. Walilia kwa kupokezana tangu alfajiri hadi adhuhuri, na majirani wakapita mlangoni wakitania kwamba hawa wawili wameshavunja mwiko, na Wulomo atawatoza mbuzi kabla hawajaota meno. Adaku akawajibu kwamba mbuzi akadaiwe baba yao. Tunaanza na utani huo kwa sababu jambo hilohilo, sauti katika miezi ya Kimya, ndilo lililomtia mahabusu Akuorkor akiwa na umri wa miaka sitini.

Mapacha walilelewa kama mapacha wanavyolelewa: nguo moja kwa wawili, sahani moja, na kila mwaka, Ijumaa ya mapacha kabla ya sikukuu ya mavuno, waliogeshwa pamoja kwa maji ya majani kutoka kwenye beseni lenye pembe za ng'ombe, kisha wakala viazi vikuu vilivyopondwa na yai moja moja. Akweley alikuwa mwepesi wa maneno. Akuorkor alikuwa mwepesi wa mikono. Alipiga chochote kilichokuwa na mgongo: kibuyu, sinia ya samaki, kiti cha bibi yake, hata kichwa cha Akweley siku moja, akapata alichokitafuta. Wakati ule mwanamke hakupewa ngoma, kwa hiyo alijifunza kwenye sinia iliyofunikwa kifudifudi. Mwaka 1953 aliolewa na Borketey, seremala, mtu wa maneno machache, naye ndiye aliyemchongea ngoma ya kwanza kutoka kwenye gogo moja, akaiwamba ngozi ya swala na kumwambia sasa aache masinia ya watu. Borketey alikufa kwa homa mwaka 1958. Akuorkor aliigeuza ngoma ile kuwa kiti, akaikalia akiuza samaki, na kwa muda wa miaka mitatu hakuigusa kwa viganja.

Wito wake ulikuja sokoni, bila radi wala ndoto. Mama Eunice Lamiley, mwanzilishi wa kanisa letu, Ushirika wa Kisima, alikuja kununua samaki, akamtazama muuzaji, kisha akatazama alichokalia. "Ngoma hukaliwa?" akauliza. Akuorkor akamjibu kwamba mwenyewe amekufa. Mama Eunice akasema, "Aliyekufa ni fundi. Mpigaji namwona hapa." Jumapili iliyofuata Akuorkor alifika kanisani, ngoma kichwani, akaipiga mpaka viganja vikavimba, akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Alibatizwa mwaka huohuo wa 1961 katika kijito kilicho kati ya Nshonaa na mji jirani wa Lantemaa. Kwa kanuni ya Ushirika, aliyebatizwa hakuruhusiwa tena kuoga kwenye beseni la mapacha. Alikubali. Ilibidi akamwambie dada yake.

"Beseni ni la watu wawili," Akweley alimwambia. "Mmoja akitoka, huyu mwingine anaoga nini?"

"Oga wewe, dada. Mimi nimeshaoga mtoni."

"Kwenye kile kijito cha vyura? Ndicho kilichokutoa akili?"

"Vyura hata kwenu wapo."

Akweley hakucheka. Mwaka ule alioga peke yake, lakini mayai alichemsha mawili, akala lake, na la pili akaliacha kando ya beseni mpaka jioni. Akafanya hivyo kila mwaka. Waumini wetu walimwona mkaidi, na wa upande wake walimwona mjinga. Majirani walitaka kuwapatanisha, lakini mwenye busara anajua kwamba ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime. Walisalimiana, waliulizana hali, basi. Baadaye Akweley aliitwa kuhudumu katika ua wa Wulomo, akawa ndiye anayezunguka nyumba hadi nyumba kutangaza kwamba Kimya kimeanza. Alipofika nyumbani kwa pacha wake alitangaza kama anavyotangaza kwa mgeni, akaondoka.

Mama Eunice alipofariki mwaka 1979, Akuorkor alishika nafasi yake, na hapo ndipo watu walipoanza kumwita Awo, yaani Mama. Hatutamwandikia miujiza asiyoifanya. Aliombea wagonjwa, wengine wakapona, wengine akawazika. Aliwalisha wajane kwa samaki wake mwenyewe na hakutaka kutajwa. Alipatanisha wanandoa kwa ukali ambao uliwafanya wapatane upesi ili watoke mbele yake. Kanisa letu lilijengwa kwenye ukingo wa kijito, na desturi tuliyoirithi ilikuwa nyepesi: Kimya kikianza, ngoma zilifunikwa shuka jeupe, tukaimba kwa midomo, na hakuna aliyeuliza. Hatukuambiwa tuzifunike. Mama Eunice alizifunika tu, kama mtu anavyopunguza sauti jirani akiwa na mgonjwa.

Mwaka 1994 tulipata mchungaji kijana, Sowah Lartey, msomi na mwenye moyo mwema, akiwa na vipaza sauti viwili vya kisasa. Yeye aliliona lile shuka na kuuliza ni lini Kanisa la Mungu lilianza kupokea amri kutoka kwa mahindi. Alisema katiba ya nchi inampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kuonyesha ibada yake hadharani, na hilo lilikuwa kweli. Alisema pia kwamba kanisa limesimama kwenye ardhi ya Lantemaa, ambako Kimya huanza majuma kadhaa baada ya Nshonaa, kwa hiyo hatuvunji mwiko wa mtu. Hilo nalo lilikuwa kweli kwenye ramani. Lakini kwetu nyumba huhesabiwa kuwa ya mji ambao mlango wake unausalimu, na mlango wa kanisa letu unatazama Nshonaa. Mtoto wa sokoni angemwambia Mchungaji hivyo. Awo Akuorkor alijua, na hakusema. Hatufichi sababu, maana mwenyewe hakuificha: mikono ilimwasha. Kwa miaka thelathini alikuwa ameinyamazisha ngoma ya marehemu mumewe kila yalipofika majira haya, na sasa kulikuwa na msomi anayempa ruhusa. Jumapili hiyo aliondoa shuka kwa mkono wake.

Walikuwa katika wimbo wa pili vijana wa Nshonaa walipoingia na fimbo na michi. Vipaza sauti vilivunjwa kwanza, halafu madirisha, halafu vichwa vya watu. Awo aliilalia ngoma. Ashitey, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwake, ambaye Awo mwenyewe alimwogesha alipokuwa mchanga, alimpiga mchi kwenye mkono wa kushoto ili aiachie, na mfupa ukavunjika. Ngoma ikapelekwa katika ua wa Wulomo. Kufikia jioni mji ulikuwa umegawanyika, watu wakipita na mawe mifukoni, na polisi wakaamua kuwakamata wa pande zote mbili: vijana kadhaa, Mchungaji, na Awo akiwa na mkono uliofungwa ubao.

Inspekta alitaka mambo mawili. Kwanza, watie saini ahadi kwamba kanisa halitapiga ngoma tena katika miezi ya Kimya. Pili, Awo amtaje aliyemvunja mkono. Mchungaji Sowah alitia saini akaenda zake, na hatumlaumu, alikuwa na mke mjamzito. Awo alikataa yote mawili. Juu ya Ashitey alisema, "Kule ndani nilikuwa nimefumba macho, nasali." Juu ya saini alisema maneno ambayo kila mtoto wa Ushirika anayajua leo: "Ngoma naweza kuiweka chini. Kunyang'anywa siwezi kukubali." Inspekta akamwambia kwamba ni kitu kilekile. Awo akamwambia kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke aliyeibwa wote wanalala nyumba ya mwanamume, aende akawaulize kama ni kitu kilekile. Akarudishwa mahabusu.

Hapo ndipo Akweley alipokuja, amebeba madonge ya kenke ya unga wa mahindi uliochachushwa, samaki wa kukaanga na pilipili. Walikaa na wavu wa chuma kati yao.

"Kula. Umekonda kama ng'onda."

"Mkono mmoja, dada. Nimenyee samaki."

Akweley akammenyea samaki, akitoa miiba mmoja mmoja na kumpitishia vipande wavuni. "Tia saini utoke," akasema. "Hata hivyo utapiga kwa mkono gani?"

"Ndiyo maana sitii. Wakininyang'anya leo ngoma, kesho watataka na midomo. Na wewe wakikunyang'anya beseni lako?"

"Nani? Athubutu."

"Vijana wangu. Mchungaji amenipa habari asubuhi, tena anatabasamu. Siku mfalme atakapowanyunyizia wazee kpokpoi, watakwenda na vipaza sauti vya kuazima, waimbe juu ya maombi yenu mpaka yasisikike."

Akweley aliacha kumenya. Kpokpoi ni chakula cha mavuno, unga wa mahindi na mawese, na siku kinaponyunyizwa ardhini kwa ajili ya waliotangulia hakuna mtu wa Nshonaa ambaye angestahimili kuzomewa. Siku hiyo wangezikana.

"Umewakataza?"

"Nimewaambia, anayemziba jirani mdomo ili yeye asikike, huyo hajasikika, amepiga kelele tu. Watanisikiliza nikiwa nje. Nikiwa humu ndani hawatanisikiliza. Na nje sitoki kwa saini." Alikula kidogo. "Mwambie Numo Ogbame aje."

"Wulomo aje polisi? Kwako?"

"Mwambie ni mimi niliyemwita. Akikataa, mwambie basi aje aniogeshe na Ijumaa ya mapacha."

Akweley akacheka safari hii, kwa mara ya kwanza mbele ya pacha wake tangu mwaka 1961. Kisha alifuta machozi kwa mkono wenye pilipili, akaapiza sana, akaenda.

Numo Ogbame, Wulomo wa Nshonaa, alikuja, Akweley akimfuata nyuma. Alikuwa amevaa vazi jeupe, peku, kama ilivyo amri ya cheo chake. Awo Akuorkor naye alitolewa akiwa na joho jeupe la Ushirika, peku, kama ilivyo kanuni yetu. Konstebo aliyekuwa mezani aliwatazama kwa zamu akauliza ni yupi kati yao anayelalamikiwa. Wulomo alisema kwamba alitaka tu atie saini, mambo yaishe. Awo akasema, "Saini ni ya polisi, Numo. Wewe niombe, nikupe."

"Sijawahi kumwomba mtu Kimya. Kimya huamriwa."

"Ndiyo maana umevunjiwa."

Walioshuhudia wanasema Wulomo alizitazama nyayo zake tupu, kisha za Awo. Alikuwa mzee, na yale mahindi alikuwa akiyapanda tangu kabla ya uhuru. Halafu akasema, taratibu, "Basi, Awo. Nakuomba." Hakuna mtu wa ua ule aliyewahi kumwita Awo kabla ya hapo. Naye akampa: ngoma zetu zitalala katika Kimya cha Nshonaa na katika Kimya cha Lantemaa pia, ili pasiwe tena na ubishi wa mlango na ramani, na hakuna kijana wa Ushirika atakayekanyaga sikukuu yao ili kuivuruga. Naye akaomba chake: asiingie tena mtu na fimbo mlangoni mwa kanisa, muumini asilazimishwe kula kpokpoi wala kupakwa chokaa ya tambiko, na midomo yetu iendelee kuimba, Kimya kiwepo kisiwepo. Wulomo alikubali. Juu ya ngoma alisema kwamba kilichotekwa katika Kimya hakitoki uani kwa kuombwa, na hilo hana mamlaka nalo. Awo alimtazama dada yake, akaitikia kwa kichwa, hakuomba. Ilikuwa ngoma ya Borketey. Kwa kuwa Wulomo hakulalamika tena, jioni hiyo aliachiwa bila saini, akaenda moja kwa moja kanisani na kuvikalia vile vipaza sauti vya kuazima mpaka vijana wakaenda kulala.

Amani haikuwa tamu mara moja. Wapo waliosema tumegeuzwa mabubu nusu mwaka. Mchungaji Sowah alihamia mjini na waumini wengi, wakaanzisha kanisa lao, wakapiga ngoma watakavyo, nasi tukabaki wachache. Mkono wa Awo ulipona ukiwa umepinda, na hakupiga ngoma tena maisha yake yote. Lakini Jumapili za Kimya tuliimba kwa midomo na kuukanyaga mchanga wa sakafu kwa nyayo tupu, watu wazima na watoto kwa pamoja, na wageni waliopita njiani walisimama wakidhani kuna ngoma ndani iliyofunikwa nguo. Hilo watu wengi wanalihesabu kuwa ajabu yake ya kwanza. Ashitey alikuwa mmoja wa waliosimama njiani. Hakuingia, na Awo hakumwita ndani, bali alimpelekea mchuzi mkewe alipojifungua, akauliza kama mtoto anaogeshwa vizuri.

Alifariki mwezi Mei mwaka 2009, katika miezi ya Kimya, kama alivyozaliwa. Wazee wa Ushirika walibishana. Wengine walisema mama wa kanisa hazikwi kama mwizi, na kwamba Wulomo mpya bila shaka angefumba macho kwa siku moja. Ndipo wakakumbushwa maneno yake ya mwisho kwa waliomhudumia: "Msinifanye mimi kuwa sababu." Tukamzika kwa nyimbo za chini. Ashitey ndiye aliyechimba kaburi, bila kuombwa. Akweley alisimama nje ya ukuta wa makaburi, kwa kuwa ua wake ulimkataza kuingia, akiwa na yai mkononi, na hakuna aliyemuuliza la nini.

Siku ya kuondoa Kimya, ngoma ya mfalme ililia, mji wote ukaitikia, nasi tulikuwa kanisani tukijiandaa kutoa mashuka. Akweley alionekana akija kwenye njia ya kijito, mwanamke wa miaka sabini na mitano, ngoma ya Borketey kichwani. Vijana wa ua walimfuata nyuma, wakitaka kumpokea, naye akiwafukuza kwa ulimi. Aliitua kwenye kizingiti, hakukivuka.

"Wulomo anasema kilichotekwa hakitoki kwa kuombwa," alisema akihema. "Hajasema hakitoki kwa kurudishwa. Haya, Kimya kimekwisha. Mpigieni."

Ngozi ilikuwa laini, haina ufa, baada ya miaka kumi na mitano katika ghala ambalo panya walimaliza kila kitu. Mama mmoja alianguka magoti akisema ni muujiza, na wengine wakaanza kupaza sauti. Akweley akawatazama.

"Muujiza gani? Nimekuwa nikiipaka mafuta kila mwezi. Mnadhani panya anamjua mtakatifu?" Kisha akakaa chini, nje ya kizingiti, akanyoosha miguu. "Miaka yote nimemtunzia yai lake. Ngoma ndiyo nisimtunzie?"

Tukaipiga. Akweley alikaa pale mpaka wimbo wa mwisho, mguu wake ukifuata mapigo, ingawa mwenyewe alikana alipoulizwa. Mpaka alipofariki, kila mwaka Kimya kikiisha, sisi hatukuigusa ngoma ile mpaka afike kizingitini, na siku hizi huja mwanamke mwingine wa ua ule kukaa mahali pake.

Haya ndiyo maisha ya Awo Akuorkor. Hakusema kwamba miungu ya dada yake ni ya kweli, wala hakukubali kwamba Mungu wake ni wa kunyamazishwa. Anayetaka kumfuata asianze na mambo makubwa. Aanze kwa kumuuliza jirani anachoomba, kabla hajaamriwa, na atoe kwa mkono wake mwenyewe. Na yule anayependa kuamrisha, naye ajifunze kwa Numo Ogbame kusema nakuomba, hata kama ni mara moja katika uzee wake.